Kutwa nzima nilimwandama askari wa mlango wa mahakama hapa Pemba (uzi mrefu kidogo)

#1 Mwana_Shungi

Assalaam alaykum wanabarza.

Juzi humu watu walibishana kama askari wa mahakamani wana kazi ya maana au wanakula kivuli tu. Mie nilikuwa upande wa kivuli. Sasa nina siku moja ya ushahidi, nawaletea.

Nasoma stashahada ya sheria. Fildi yangu nilipangiwa mahakama moja hapa Pemba. Jina naliacha, maana Pemba ukikohoa Konde unaulizwa khali Mkoani. Msitie akilini jengo kama lile la mahakama ya Vuga kule Unguja, alilochora Mwingereza Sinclair, lenye kuba na nakshi. Hili letu ni la kawaida: uwa, mabenchi barazani, mwembe mmoja.

Wiki ya kwanza masjalani hamkuwa na kiti cha ziada. Viti vitatu, makarani wanne, mie wa tano. Karani mkubwa akanambia, "Leo kaa na Afande mlangoni mpaka tukupatie kiti." Nikanuna. Nilijua nitasimama juani kutwa kama mnazi.

Afande mwenyewe ni mwanamke, koplo wa polisi, makamo ya mama yangu. Saa moja kasorobo alikuwa keshafika. Akapokea lindo kwa mwenzake wa usiku, wakasoma kitabu pamoja, wakatia saini, kisha akanambia, "Twende tukazunguke." Nilidhani tunakwenda kutazama madirisha na makufuli. Kumbe anaokota mawe. Wallahi. Kila jiwe lililolegea uani, kipande cha tofali, kigae, hata bua la muhogo lililotupwa na watoto, analiokota analirusha nyuma ya ukuta. Nikamuuliza kulikoni.

"Saa tano jua kali, mtu keshasomewa asiyoyataka, yuko hapa uani na ndugu zake. Atainama. Akiinama asikute kitu."

Chooni akafunua tangi la maji akatia mkono. Chini ya mabenchi vilevile hakuchungulia, alipitisha mkono mwanzo mpaka mwisho. Alipata pipi iliyogandishwa na kijisu cha wembe kisichokuwa na wembe. Akakitia mfukoni bila ya kusema neno.

Adhana ya magharibi hiyo, nitarudi.

#2 Ngalawa86

Nishakaa kitako. Lete.

#3 bungala_mbivu

Nimeishi jirani na mahakama miaka minane, uwa wake umefagiliwa kama wa msikiti, nikidhani ni usafi tu 😂

#4 Mwana_Shungi

Naam, tuendelee.

Watu wanaanza kuingia saa mbili. Ile fimbo ya kukagulia vyuma ipo, imetundikwa msumarini, betri zimekufa. Zimeombwa tangu masika. Kwa hivyo kazi ni ya mikono na macho. Wanaume wanapekuliwa mlangoni na konstebo kijana. Wanawake wanaingia kijichumba cha pembeni kilichozibwa kwa khanga, na mie ndimo nilimokuwa, nimeshika daftari.

Afande anamwambia kila mtu mkono unapokwenda kabla haujaenda. "Nakushika bega. Sasa ubavu. Nipe mkoba ufungue mwenyewe." Mja mzito hamgusi tumbo, anamwomba ajipapase mwenyewe huku yeye anatazama. Mwenye ninja anafunua mle ndani, Afande anatazama uso, anatazama kitambulisho, "Haya mwanangu, jifunike." Hata pumzi tano hazitimii. Nilihesabu walioingia wamenuna wakatoka wanamsimulia khabari za harusi. Wengi.

Vinavyozuiwa vinaingia kwenye ndoo ya plastiki, kila kimoja na namba iliyokatwa kwenye boksi la sabuni, na mwenyewe anapewa namba ya pili. Hadi saa tatu ndoo ilikuwa na mkasi wa cherehani, viberiti, kisu cha mvuvi kinachonuka samaki, chupa ya manukato, na msumari wa inchi sita uliofungwa ndani ya leso. Mwenye msumari alisema ni wa dirisha lake. Huenda ni kweli.

Akaja bibi mmoja na mkoba wa tambuu. Majani, chokaa, popoo, kila kitu kwa utaratibu wake, na kikasi cha shaba cha kukatia popoo kimelika kwa ukongwe. Afande akamwamkia, akakiomba. Bibi akakishika kifuani.

"Hichi kaniachia mama. Ukikipoteza?"

"Nikikipoteza, bibi, nitakuja kwako kila siku nikukatie popoo kwa meno."

Bibi akacheka mpaka akakohoa. Akapewa namba 14.

#5 Kijana wa Kidimni

Hizo hadithi tamu, lakini tuseme ukweli. Mie naingia mahakamani kufuata hati ya ndugu yangu, napapaswa kama mwizi wa kuku. Nani kawapa haki hiyo? Na mama zetu kufunuliwa ninja, hata kama ni na mwanamke, ni udhalilishaji.

#6 Mzee wa Lindo

Kijana wa Kidimni, nimevaa magwanda miaka mingi, nimestaafu salama. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenziwe, kwa kumstahi, hiyo ni sheria wala si hisani ya mtu. Ukipekuliwa na mwanamume, kataa na upige kelele, utakuwa na haki. Ama kuhusu uso: mahakamani anakuja shahidi, anakuja mdhamini, anakuja mshitakiwa aliye nje kwa dhamana. Mimi niliwahi kumpokea "shangazi" mwenye ninja, kumbe ndevu.

Mwana_Shungi, hapo kwenye mawe umenirudisha nyuma. Sisi tulikuwa tunaondoa na vifuu.

#7 Kijana wa Kidimni

Ndevu 😂😂 haya nimekubali nusu.

#8 Mwana_Shungi

Saa tatu na nusu likaja gari la Chuo cha Mafunzo.

Kwa wa Bara mnaosoma: huku jela haiitwi Magereza. Ni Chuo cha Mafunzo, idara maalum ya SMZ, yaani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na mfungwa rasmi anaitwa mwanafunzi. Polisi nao ni wa Muungano. Kwa hivyo mahabusu akishuka pale anatoka kwenye mkono wa serikali moja akipita mbele ya mkono wa serikali ya pili, na kila mkono una karatasi yake. Askari wa Chuo anahesabu, Afande anahesabu, wote kwa sauti. Siku ile walikuwa kumi na mmoja, wawili wawili kwenye pingu, na mmoja peke yake.

Gari likikata kona tu, barza nzima inasimama. Kina mama wanajivuta mbele, watoto wanabebwa mabegani waonekane. Nilidhani Afande atapiga kelele. Akajitia katikati, mgongo kawapa mahabusu, uso kawapa watu, mikono kaifungua kama anayeswaga kuku, akawa anaongea nao kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mtamwona, mama, mtamwona, atakaa benchi la mbele. Wewe mwenye kanga ya kijani, mtoto anaangalia jua, mfunike." Kila aliyetajwa alirudi hatua moja. Kumi na mmoja wakapita.

Baadaye nikamuuliza kwa nini kawapa mgongo wale wenye pingu. "Wale wana askari wao. Wanaopenda ndio wanaoruka." Kesho yake kijana mmoja wa fildi mwenzangu akanambia hiyo si namna tunayosomeshwa. Kweli, haimo kwenye vitabu vyetu.

Ndani ya chumba cha mahakama: karani anatoa sauti "Koooti!", tunasimama, hakimu anaingia, tunakaa. Pingu hutolewa mtu akifika kizimbani. Afande anasimama ukutani, pembeni ya mlango, na nikagundua hata siku moja hamtazami hakimu wala mshitakiwa. Anatazama chini. Nikadhani kachoka. Akaninong'oneza, "Tazama ndala."

Ndala?

"Mtu akitaka kuruka, kwanza anavua. Huwezi kurukia mtu na ndala mguuni."

Nikaanza kutazama miguu ya watu. Benchi la tatu kulikuwa na mbaba kajitoa kubadhi la kulia, kidole gumba kinachezacheza sakafuni. Afande akaenda akakaa nyuma yake, akamgusa bega, akamwuliza kwa sauti ndogo kama ana kesi leo au kaja kusikiliza. Mbaba akajibu. Mguu ukarudi ndani ya kubadhi. Basi, hakuna kilichotokea, wala hakuna aliyejua kwamba kuna ambacho hakikutokea.

Katikati ya ushahidi simu ya mtu ikaadhini. Adhana kamili, sauti ya juu. Hakimu akaweka kalamu. Nani atakatiza adhana? Chumba kizima kimya, hata mshitakiwa kainamisha kichwa. Ilipomalizika hakimu akasema, "Sasa mwenye mnara huo ausogeze nje." Kacheka kila mtu isipokuwa mwenye mnara.

#9 bungala_mbivu

"Mwenye mnara huo" 😂😂😂 nimemwamsha mume wangu.

#10 Ngalawa86

Mimi nina swali jengine. Umekaa mlangoni kutwa nzima, na hujasema neno kuhusu chai. Au siku ile chai haikuchemshwa?

#11 Mwana_Shungi

Ngalawa86, nilijua utauliza.

Niliona mara moja. Alikuja mwanamume kumdhamini mtoto wa dada yake. Ana barua ya sheha, lakini kitambulisho chake cha Mzanzibari mkaazi kimeoza, picha haionekani. Akakitoa, na chini yake pana noti ya elfu tano imekunjwa vizuri. Afande akakipokea, akakitazama mbele na nyuma, akakirudisha na noti yake ndani, ilivyo. "Hichi chako kimechafuka. Kabadilishe, uje nacho kisafi." Akamwelekeza kwa karani amwulize kama mdhamini wa pili aweza kutangulia.

#12 Ngalawa86

Kwa sababu weye ulikuwepo na daftari lako.

#13 Mwana_Shungi

Inawezekana. Sikuwepo siku nisizokuwepo.

#14 Mzee wa Lindo

Jibu zuri. Endelea mwanangu.

#15 Mwana_Shungi

Saa tano, barazani, ndugu wawili. Kesi ya eka tatu. Wenye umri mdogo humu: baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilitwaa ardhi ikawagawia watu mashamba ya eka tatu tatu. Aliyepewa alikuwa mmoja, na leo wajukuu ni ishirini, na mikarafuu ni ileile. Basi mkubwa anasema babu alimwachia yeye ailinde, mdogo anasema kuilinda si kuila. Sauti zikapanda. Konstebo akaanza kusogea, Afande akamzuia kwa jicho. Yeye akamwendea yule mkubwa, kwa heshima zote: "Kaka, jina lako silioni pale ubaoni, hebu nenda katazame wasije wakakuruka." Ubao uko upande wa pili wa jengo. Mzee akaondoka mbio. Jina lilikuwepo, bila shaka, lakini kulitafuta kwenye karatasi ile iliyofifia ni robo saa, na robo saa ilitosha.

Upande wa Kadhi sikukaa sana. Kule mambo ni ndoa, talaka, mirathi, malezi, na kelele hamna, watu wanalia kimyakimya tu. Afande anafanya kitu kimoja: benchi la upande wa mume halitazamani na benchi la upande wa mke. Ameyageuza mwenyewe. Anasema msafishaji huyarudisha kila jioni na yeye huyageuza kila asubuhi, na hakuna kati yao aliyewahi kumwambia mwenziwe.

Sasa nifike kwenye langu. Nilitaka niliruke, lakini basi.

Ilikuwa msimu wa karafuu, na kesi ya saa sita ilikuwa ya wizi: magunia mawili ya karafuu kavu yaliyoondoka usiku juu ya majamvi. Anayejua Pemba anajua uzito wake. Karafuu kwa sheria anauziwa ZSTC, shirika la biashara la serikali, kwa hivyo mwizi lazima awe na mtu wa kumuuzia, na huyo mtu ana watu wake. Shahidi alikuwa kijana mdogo, hata miaka ishirini sidhani, alilala kwenye kibanda akilinda majamvi. Ametoa ushahidi vizuri. Hakutetemeka.

Mie niko mlangoni, Afande kenda kusali adhuhuri. Akanijia mwanamume mstaarabu, kofia ya kiua, sauti laini. "Binti, samahani, mdogo wangu yule aliyekuwa anatoa ushahidi keshatoka? Nimekuja kumchukua, asije akakosa gari."

Nikamwambia hajatoka. Kisha nikaongeza, sijui kwa nini, labda nilitaka nionekane najua: "Watamtoa kwa mlango wa nyuma, kwenye saa saba hivi."

Akanishukuru, akaniombea dua nifaulu masomo. Akaondoka.

Afande aliporudi nikamsimulia kama khabari njema. Kaka yake shahidi kaja kumchukua. Akasimama, mtandio wa kusalia bado uko mkononi. "Kavaa nini? Kaenda upande gani?" Nikamwambia. Akaingia ndani. Dakika mbili baadaye akatoka, akanambia kijana hana kaka. Ana dada wawili na wote wako Unguja.

#16 bungala_mbivu

Yallah.

#17 Ngalawa86

Nimeacha chai yangu ipoe. Endelea.

#18 Mwana_Shungi

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Kijana akapelekwa masjalani, akakalishwa nyuma ya makabati ya majalada, kwenye ile nafasi ambayo mie niliambiwa haina kiti. Kiti kikapatikana. Afande akampigia simu mkubwa wake, akaandika kwenye kitabu: saa, mavazi, kofia, maneno niliyoulizwa na maneno niliyojibu, yote. Aliniuliza neno kwa neno na akaandika "watamtoa kwa mlango wa nyuma" kama nilivyosema. Nikatia saini chini yake.

Konstebo akatumwa uani nyuma kuchota maji, na ndoo, kwa utulivu, kama mtu anayechota maji. Akarudi akasema nje ya ukuta pana vespa na watu wawili wamekaa kwenye kivuli, mmoja ana kofia ya kiua. Walikaa mpaka karibu saa tisa. Saa tisa na robo kijana aliondoka kwa mlango wa mbele, ndani ya gari la polisi, pamoja na mwendesha mashtaka na maboksi ya majalada. Alipelekwa wapi sikuuliza. Nilikuwa nimeshajifunza kutouliza, angalau kwa siku ile.

Jioni tunafunga mabenchi, nikasema, "Afande, nisamehe." Akanitazama, akasema, "Hivi masjalani bado hawajakupatia kiti?"

#19 Kijana wa Kidimni

Uuuuwi. Hilo ni kofi bila mkono.

#20 Mzee wa Lindo

Usijiumize. Kila aliyekaa kwenye lindo ana la kwake kama hilo, na wengine halikuishia kwenye kivuli cha ukuta. Nakuongezea moja tu la kiaskari: mtu akiuliza khabari za shahidi, jibu lake ni "Sijui, kaulize kwa karani," hata kama shahidi amekaa mapajani mwako. Na karani naye ajibu "Kaulize mlangoni." Mpaka achoke.

#21 bungala_mbivu

Kikasi cha bibi je? Namba 14? Umetuacha hapo.

#22 Mwana_Shungi

Ah, kikasi.

Mwisho wa siku watu wanapanga foleni na namba zao, ndoo inamalizika. Mkasi wa cherehani ukaenda, kisu cha mvuvi kikaenda, hata msumari wa dirisha ukadaiwa. Kikabaki kikasi peke yake chini ya ndoo.

Nikakumbuka nilipomwona bibi mara ya mwisho. Mjukuu wake ndiye yule aliyekuwa peke yake bila ya mwenza wa pingu. Dhamana haikupatikana, kesi ikaghairishwa, na gari la Chuo lilipoondoka bibi alilifuata kwa miguu mpaka njia kuu, mkoba wa tambuu begani, namba 14 mkononi. Hakurudi.

Afande akakitoa, akakifuta chokaa kwa pindo la mtandio, akakifunga kwenye karatasi ya daftari langu. Juu yake akaandika tarehe ya kesi itakayofuata, na chini yake: "Mwenyewe anakuja. Asipewe mtu mwengine, hata akisema ni mtoto wake."

Aliandika hayo mbele yangu, kwa herufi kubwa, halafu akanipa mie nikitie kabatini.